Kidani cha Kiherehere

Machi 11
Mvua. Daftari hili nimepewa na Hasinjo, binti mwanafunzi mpya kutoka Antananarivo. Lililowa kingo ndani ya gari, hawezi kumpelekea profesa wake, akaniambia, "Kaka Letsara, lichukue wewe, uwe unaandika hali ya hewa." Basi nimeandika: mvua. Nafasi ikibaki nitaandika na mengine, maana hapa kambini kwa watafiti kila mtu ana la kunisimulia na mimi langu sina wa kumpa.

Machi 12
Mvua.

Machi 14
Ukungu asubuhi, mvua mchana. Nilikuwa kwenye mazishi ya mjomba wa mke wangu siku mbili. Huku nyuma wamewashika wale mapacha wa familia ya bondeni, wakawalaza kwa sindano, wakawavisha mikanda shingoni. Mmoja kidani chekundu, mwenzake kidani cha kijani. Ni barimaso hao, komba wetu wa mchana, majike wawili wanaofanana kama punje za mchele. Kazi yangu msimu huu wa mapera ni kuwafuata toka alfajiri mpaka saa kumi. Kila dakika tano saa yangu inalia, nami naandika nani anafanya nini, na hasa nani amewahi kulifikia tunda lililoiva.

Leo Hasinjo alinitembeza. Tumesimama chini ya mtini, akaninong'oneza, "Unamwona Nyekundu? Huyo, anavuka sasa hivi!" Walikuwa wanavuka wawili, mmoja nyuma ya mwenzake. Nikasema namwona. Ningesema nini?

Basi niliseme hapa, daftari halina mdomo. Mimi nyekundu na kijani sizitofautishi. Zote mbili kwangu ni chai iliyolala. Bluu naijua vizuri mno, njano naijua, hizo mbili hapana. Nilipokuwa mdogo nilichuma kahawa mbichi kikapu kizima, babu akadhani ni jeuri, akanichapa mpaka mkono ukamchoka. Toka siku hiyo nikajifunza kuficha. Pera nalinusa, kahawa naibonyeza, tunda la msituni naliokota chini na kulipasua kwa kucha. Anayejua ni mke wangu Soazara peke yake.

Kazini ninaye Tombo, mtoto wa mama mdogo. Miaka kumi na moja tumefuata wanyama pamoja. Nikitatizika nanyanyua tunda, nasema, "Tombo, hili unalionaje?" Naye huniambia, "Wewe ndiye mkubwa, sema wewe." Nasema limeiva. Anasema, "Limeiva kabisa." Macho yake yamenibeba mbali.

Machi 19
Radi. Jamani, leo nimetia aibu. Stoo ya kambi walitoa makoti ya mvua, nikajichukulia moja nililoliona la rangi ya udongo. Tumetembea mimi na Tombo bega kwa bega saa nzima, ngurumo juu ya kichwa, tukaingia jikoni. Mpishi akapiga yowe, akaangusha mwiko.

"Vua! Vua hilo! Unataka utuue?"

Nyekundu. Koti jekundu kwenye radi, na wekundu ndio unaoiita radi, mtu mzima na akili zake! Watu wakakimbilia kona, Tombo naye akaruka kwa kelele kuliko wote. Mpishi akalitupa nje na ufagio. Mimi nikajifanya jasiri, nikasema, "Radi na mimi tunafahamiana." Walicheka, lakini mpishi hakucheka. Kanipa wali wa chini ulioungua, kanigeuzia mgongo.

Machi 20
Manyunyu. Ruba kumi na wanne miguuni.

Machi 27
Jua kidogo. Wale mapacha nimeshawajua, na si kwa vidani. Mmoja huruka kabla hajafikiri, mkono wa kushoto mbele, anashika tawi wakati mwili bado uko hewani. Nimempa jina la Kiherehere. Mwenzake huenda taratibu, anasimama, anajitazama mkia, kama anayesubiri kushikiwa mkono. Huyo ni Bibi Harusi. Bibi Harusi ndiye aliyetangulia kuvuka siku ile Hasinjo aliponionyesha, kwa hiyo yeye ni Nyekundu. Kiherehere ni Kijani. Kwenye karatasi za kazi naandika Nyekundu na Kijani, moyoni nawaita kwa majina yao.

Aprili 8
Ukungu mpaka saa tano. Mapera madogo yameanza kuiva ukingoni mwa msitu, harufu yake imefika mpaka kwenye blanketi langu. Familia imeshuka huko. Kiherehere alikaa juu ya mti wa mbali, akatazama, akaenda moja kwa moja. Hakunusa, hakugusa la kwanza wala la pili. Alikwenda kwenye tunda lake kama aliyeacha alama jana. Bibi Harusi akamfuata, baba yao akamfuata, wananusa, wanabonyeza kwa meno, wanatupa. Nilicheka peke yangu. Wale ndio wenzangu. Nimeandika: Kijani kawahi. Kijani kawahi. Kijani kawahi.

Aprili 9
Vilevile.

Aprili 15
Jioni imetulia. Tumekaa jikoni tunakunywa maji ya ukoko, Hasinjo akatueleza anachokitafuta. Nilikuwa namwona mtoto wa mjini tu, miwani, viatu vipya, mwoga wa ruba. Leo nimemsikiliza mpaka kikombe changu kikapoa.

Anasema zamani, kabla ya watu, kabla ya nyani, wazee wa wazee wetu walikuwa wadogo na walitembea usiku tu. Gizani rangi za nini? Walikuwa nazo mbili na ziliwatosha. Vizazi kwa vizazi, usiku mmoja mrefu. Halafu wakaanza kutoka mchana. Na siku moja, hakuna ajuaye mama yupi, akazaliwa mtoto ambaye tunda lilimtokea katikati ya majani, na wenzake wote wakiona majani tu. Kwa nyani wa bara na kwa sisi watu jambo hilo likaenea. Kwa barimaso limeishia njiani. Majike wengine wanaona wekundu, wengine hawaoni. Madume hawaoni kabisa, hata mmoja.

"Hata mmoja?" nikauliza.

"Hata mmoja, kaka. Wanawafuata wanawake."

Mpishi akasema, "Kama huku kwetu," tukacheka. Hasinjo akasema hata kwa watu wapo wanaume wachache waliobaki vile, na huwa wamepewa na mama zao. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayetaja bei ya chumvi. Nilitoka nje nikasimama kwenye manyunyu. Miaka thelathini na nane nimejiona mtu aliyepungukiwa, kumbe mimi ni wa zamani tu.

Aprili 16
Nimeota mimi ndiye yule mzee mdogo wa usiku. Nilikuwa nimeshika tawi, majani yote ya fedha, mwezi hauzami, na wala sikujua kuna kitu nimekikosa. Nimeamka nikiwa na furaha, na furaha hiyo imekaa mpaka mchana.

Aprili 29
Kavu. Tunavuna mpunga. Wa kwanza tumewapa wahenga, wa pili kuku wameiba.

Mei 6
Upepo. Mzee Ratsimba, mkuu wa kambi, katutangazia. Imepatikana kazi moja ya kudumu. Mkataba, matibabu, malipo hata msimu wa vimbunga wakati vibarua tunakaa nyumbani kuhesabu matone. Ndani ya Juni atachagua. "Ni Letsara au Tombo," kasema, "na Letsara ametangulia kwa umri na kwa karatasi safi."

Soazara nilipomwambia aliweka chini mkeka aliokuwa anasuka. Mwaka juzi mtoto wetu Zelina aliumwa kifua kipindi cha kimbunga, hatukuwa na kitu, tulimkanda kwa maji moto na maombi siku tisa. Hakutaja hilo. Kasema tu, "Baba Zelina, safari hii usiiachie."

Siiachii.

Mei 13
Ukungu. Hasinjo mwenyewe kawaida hufuata familia ya ng'ambo ya mto, leo kaja na mimi nusu siku. Kiherehere akaruka kwenye pera, Hasinjo akasema, "Ee, Nyekundu leo kawahi!" Nikaandika Kijani. Mtoto wa mjini, miwani imejaa ukungu, nikamsamehe.

Mei 14 mpaka 22
Mvua, mvua, manyunyu, mvua. Kijani kawahi.

Mei 30
Baridi. Majibu yamefika. Mwezi wa tatu tuliokota mavi ya barimaso kwenye vichupa, majina akiyaandika Hasinjo mwenyewe, yakapelekwa maabara huko mbali, nayo yamesema kwamba mwenye kuona wekundu ni yule wa kidani chekundu. Wa kijani haoni.

Hasinjo alikaa na karatasi zangu toka asubuhi. Saa nane nilimkuta kajiinamia mezani, analia bila sauti, mabega tu.

"Kaka, imekuwa kinyume. Asiyeona ndiye anayewahi matunda kila siku. Anayeona anachelewa. Miaka mitatu nimelifikiria hili."

"Labda macho hayawasaidii," nikasema, mradi niseme.

"Ndivyo nitakavyoandika. Ndicho ulichokiona, na wewe hukosei."

Alisema hivyo na kamasi puani. Wewe hukosei. Nimekwenda kulala saa moja, sijala.

Juni 1
Sijui nianzie wapi. Kiherehere anaona wekundu. Nimemtazama miezi miwili na nusu, hakuna maabara itakayoniambia vinginevyo. Mimi ninayenusa namjua asiyenusa. Sasa kama anayeona ndiye mwenye kidani chekundu, basi siku ile ya kwanza Hasinjo alimwonyesha wa nyuma na mimi nikamshika wa mbele. Kidani cha Kiherehere ni chekundu. Na mimi kila karatasi, kila dakika tano, nimewabadilisha majina.

Au sivyo. Labda nimeota tu. Leo nimesimama chini yao saa nzima nakodoa macho. Chai na chai.

Juni 2
Nimeamua kumwuliza Tombo. Tulikuwa tumekaa juu ya gogo tunakula mihogo, mapacha wako juu yetu wanachokorana. Nikasema, "Mdogo wangu, nina jambo. Usicheke."

"Sema, mzee wa ruba."

"Hivyo vidani. Sivioni. Sijawahi kuona nyekundu maisha yangu yote. Niambie yule anayening'inia kavaa kipi."

Tombo aliacha kutafuna. Akanitazama, akatazama juu, akanitazama tena. Halafu akaanza kucheka, mihogo ikamtoka, akaanguka nyuma ya gogo, akacheka mpaka machozi. Nilitaka kumpiga.

"Kaka," akasema, kalala kwenye majani, "mimi nilikuwa nakusikiliza wewe!"

"Unasema nini?"

"Sioni! Sioni hata kidogo! Miaka kumi na moja wewe unasema limeiva, mimi nasema limeiva kabisa. Nilijua huyu mkubwa wangu ana macho. Lile koti siku ya radi, mimi nililiona la udongo!"

Mama zetu ni toka nyumba moja, wamenyonya ziwa moja. Wametugawia sawasawa. Tulicheka wote wawili mpaka barimaso wakatukoromea. Vipofu wawili wameshikana mikono, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anaongoza.

Kisha tukaacha kucheka, maana kazi ni moja, na sasa kila mmoja ameshika siri ya mwenziwe.

Juni 4
Ukungu mwepesi. Nimemleta Soazara msituni, tumesema anatafuta ukindu wa mikeka. Hakuwahi kufika bondeni kule. Alitembea mbele yangu kimya, miguu mitupu, akigusa magome. Nikampata Kiherehere kabla yeye hajajua kuna mnyama, yuko kivulini, katulia, kajibana na shina. Vivuli mimi havinishindi. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Yule wa peke yake. Kidani chake rangi gani?"

Hakufikiri hata kidogo. "Chekundu."

"Una hakika?"

"Baba Zelina, kinawaka."

Nikakaa chini palepale. Naye akakaa, kanibandua ruba mmoja shingoni, akauliza kuna nini. Nikamweleza yote. Nikisema, karatasi zinanyooka, kazi ya yule binti inapona, na mimi nimekwisha, maana nani atampa mkataba mtu wa kusoma rangi asiyeona rangi? Nikinyamaza, mkataba ni wetu na uongo unakwenda kuchapishwa, na jina langu liko chini yake: aliyeona ni Letsara.

Soazara hakusema nifanye nini. Nilimchukia kidogo kwa hilo.

Juni 5
Mvua.

Juni 6
Mvua. Hasinjo anaandika. Nasikia vidole vyake kwenye kompyuta toka hemani kwangu.

Juni 8
Zelina anakohoa. Si sana.

Juni 9
Mvua. Kiherehere kakaa juu yangu muda mrefu na pera mkononi, ananitazama kwa macho yale makubwa, halafu akalila. Na mimi nimeandika nini? Nimeandika Kijani. Mkono umeuzoea uongo, umeandika wenyewe. Nimeona haya mbele ya mnyama.

Juni 11
Kumekucha safi, anga la bluu, bluu yangu. Nimemwambia.

Nilimkuta Hasinjo anapiga mswaki. Nikamwambia asitume kitu. Nikamweleza kutoka kahawa ya babu mpaka ukindu wa mke wangu, nikiangalia ndoo. Tombo sikumtaja. Povu la dawa ya meno limemkaukia mdomoni.

"Toka siku ya kwanza?" akauliza.

"Toka siku ya kwanza."

"Hukuwahi kuchanganya katikati? Leo huyu, kesho yule?"

Hapo nilikasirika. "Dada, nawajua wale kuliko nilivyojua rangi yoyote. Sijachanganya hata mara moja. Nimekosea jina, wenyewe sijawakosea."

Akakimbilia hemani na mswaki wake mkononi. Nilidhani kaenda kulia au kumwita mkuu. Baada ya muda nikasikia anapiga kelele. Amegeuza majina yote, Nyekundu pale palipo Kijani, Kijani pale palipo Nyekundu, mara moja tu, na kila kitu kimekaa mahali pake. Anayeona anawahi. Siku baada ya siku, anayeona anawahi. Alitoka akanishika mabega yote mawili, huyu binti aliyekuwa anaogopa hata ruba.

"Ungekuwa unabahatisha ningekuwa nimekwisha," kasema. Halafu akauliza, "Na wale wanyama huwa unawapataje kabla ya wote? Wadudu, vinyonga, hata yule mjusi anayefanana na gome?"

"Nawaona tu."

"Wasioona wekundu huona umbo. Rangi haiwasumbui. Kaka, kwa hilo wewe unaona kuliko mimi."

Ni maneno mazuri. Lakini hayasainiwi.

Juni 13
Mawingu. Mzee Ratsimba alituita wote watatu, mimi, Tombo na Hasinjo. Nimesema tena, kwa mdomo wangu. Akavua kofia, akaizungusha.

"Letsara, ninakuheshimu. Umesema ukweli ambao mwingine angeuzika. Lakini kazi hii ni vidani, matunda, utepe wa rangi wa kuonyesha njia. Nimwambie nini profesa?" Akamgeukia Tombo, akamsogezea karatasi. "Saini hapa."

Sikumwangalia Tombo. Nilitazama mikono yangu. Siri yake nilikuwa nayo mdomoni, na nitasema kweli, ilikuwa tamu. Nikaimeza.

Tombo alichukua kalamu. Kisha akachukua mapera mawili kutoka kwenye sahani ya mkuu, akayanyanyua.

"Mzee, lipi limeiva?"

"La mkono wa kulia, si unaliona?"

"Silioni. Mimi na huyu ni mama mmoja. Kama ni kutufukuza, utufukuze pamoja." Akaweka kalamu.

Ratsimba akatutazama, mmoja mmoja. "Miaka kumi na moja," akasema. "Miaka kumi na moja nimeajiri macho manne na sikuwa na hata moja." Akatutoa chumbani. Nje Tombo akaniambia, "Usinishukuru, nitalia." Sikumshukuru. Tulikwenda tukanywa kikombe kimoja cha pombe kali, tukarudi kila mtu kwake.

Juni 17
Manyunyu. Hakuna neno.

Juni 20
Nimeandika kwa hasira, mwandiko mbaya.

Mzee Ratsimba kaja nyumbani kwetu na Hasinjo. Nilidhani ni habari yangu. Soazara yuko jikoni anageuza kisamvu. Ratsimba akamwaga kikapu cha mapera juu ya mkeka, akasema, "Mama Zelina, samahani, nitengee yaliyoiva." Soazara akatenga kwa mkono mmoja, mwiko uko mkono wa pili, wala sufuria haikupata nafasi ya kuungua. Ratsimba akauliza kama anajua kuandika. Mke wangu ndiye katibu wa chama cha wasuka mikeka, mwandiko wake ni bora kuliko wangu.

"Kazi ya kudumu anayo yeye," kasema Ratsimba. "Letsara na Tombo mtabaki vibarua, mtamfundisha wanyama. Mkikubali."

Nimekaa mlangoni. Roho imeniuma, sitaficha. Kazi niliyoilalia kwenye matope miaka yote hiyo, anapewa mtu aliyekuwa anageuza kisamvu! Soazara akanitazama mimi, mwiko unadondoka.

"Sitaitaka kama wewe huitaki," kasema.

Zelina alikuwa anakohoa chumbani. Nikasema, "Itake." Ilinitoka kwa sauti mbaya. Kisha nikarudia vizuri.

Juni 26
Sikukuu ya uhuru. Watoto wamepita na taa zao za karatasi. Mimi na Soazara hatujazungumza sana.

Julai 1
Ukungu mzito, umeshika kila kitu. Leo ndiyo siku yake ya kwanza. Kavaa viatu vya kambi vinavyomzidi, karatasi kazifunga kwenye nailoni, saa yangu iko mkononi mwake. Yeye mbele, mimi nyuma, Tombo nyuma yangu na panga. Tombo kanong'ona, "Madume wawili, bwana," nikamwambia afunge mdomo, lakini nilicheka.

Nimewapata mimi. Hakuna aliyewaona, ukungu mtupu, mimi nikaona mkunjo wa mgongo kwenye mkunjo wa tawi. Nikamshika Soazara bega, nikamwonyesha. Alisubiri. Ukungu ukafunguka kidogo, akaandika, midomo inamchezacheza kama mtoto wa shule. Kiherehere akaruka, mkono wa kushoto mbele, akaenda kwenye mapera ya mwisho ya msimu. Soazara alimfuata kwa macho, na nikaona wote wawili wamelitazama tunda lilelile kwa wakati mmoja. Mimi pale niliona majani.

Wakati wa kurudi hasira yangu nimeitafuta nisiipate. Njia ilikuwa tupu, matone tu. Nikamwuliza jambo ambalo katika miaka kumi na mitano ya ndoa sikuthubutu kuliuliza.

"Mama Zelina. Wekundu uko vipi?"

Tulivuka kijito kwanza. Viatu vyake vilikuwa vinalia maji.

"Sijui kuueleza," akasema. "Uko katikati ya vitu vingi, umenyamaza. Ukipita, unakuita."

"Mimi haujawahi kuniita."

Akasimama, akageuka, akanishika mkono ili nisiteleze kwenye utelezi.

"Wewe," akasema, "nitakuita mimi."